Kuhesabiwa Kichwa na Kuhesabiwa Jina: Idadi ya Watu wa Pemba na Wapemba wa Pwani ya Kusini ya Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza idadi ya watu wa kisiwa cha Pemba na uhusiano wake na Wapemba wanaoishi Kwale, katika pwani ya kusini ya Kenya. Hoja yetu kuu ni kwamba idadi ya watu wa kisiwa haisomeki kisiwani peke yake. Sehemu ya watu hao huwa imekwisha kuvuka maji, na hesabu yao huko ng'ambo hutegemea jina watakaloitwa. Tunaanza kwa kuzisoma takwimu za sensa za Zanzibar tangu 1948. Kisha tunaeleza namna Wapemba walivyofika Shimoni, Msambweni na Diani, na kuonyesha jinsi neno 'Mpemba' linavyobadilika maana linapovuka mpaka. Mwisho tunajadili maana ya hali hiyo kwa somo la lahaja na fasihi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuziachia takwimu za idadi ya watu wenzao wa jiografia na uchumi. Tunapokutana na jedwali la sensa huliruka, tukaenda moja kwa moja kwenye aya zinazozungumzia lugha. Mazoea haya yana hasara. Sensa ni matini kama zilivyo matini nyingine. Ina mtunzi wake, ambaye ni dola. Ina msamiati wake, na ina mambo inayoyataja na mengine inayoyanyamazia. Mhakiki aliyefunzwa kusoma kimya katika riwaya anaweza pia kukisoma kimya katika jedwali.

Kwa wataalamu wa demografia, idadi ya watu wa mahali popote hubadilika kwa njia nne tu: watu huzaliwa, hufa, huingia na hutoka. Mbili za kwanza hutokea nyumbani, nazo ni rahisi kuandikishwa. Mbili za mwisho humtaka mwandishi ajue mtu alikotoka na anakokwenda, na hapo ndipo lugha inapoingia, kwa sababu aliyetoka mahali pamoja akaingia pengine lazima apewe jina. Kwa visiwa jambo hili ni zito zaidi. Kisiwa kina mpaka unaoonekana kwa macho, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba watu wake wote wamo ndani ya mpaka huo.

Tumeichagua Pemba kwa sababu mbili. Kwanza, imo katika Zanzibar, iliyopata kuwa taifa la visiwa lenye dola yake kuanzia tarehe 10 Desemba 1963 hadi Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, na ambayo hesabu zake za watu ni za muda mrefu. Pili, watu wa Pemba wamo katika ufuo wetu wa Kwale, na kisa chao kinatuhusu moja kwa moja sisi tunaosoma Kiswahili nchini Kenya.

2.0 Hesabu ya Visiwa

Jedwali lifuatalo linaonyesha idadi ya watu wa Unguja na Pemba katika sensa sita. Safu ya mwisho ni sehemu ya Pemba katika jumla ya watu wa Zanzibar, kwa asilimia.

Jedwali 1: Idadi ya watu wa Zanzibar, 1948 hadi 2022

Mwaka | Unguja | Pemba | Jumla | Sehemu ya Pemba
1948 | 149,575 | 114,587 | 264,162 | 43.4
1958 | 165,253 | 133,858 | 299,111 | 44.8
1967 | 190,494 | 164,321 | 354,815 | 46.3
2002 | 622,459 | 362,166 | 984,625 | 36.8
2012 | 896,721 | 406,848 | 1,303,569 | 31.2
2022 | 1,346,332 | 543,441 | 1,889,773 | 28.8

Msomaji wa haraka ataona jambo moja tu, yaani kwamba watu wameongezeka. Ni kweli. Katika miaka 55 kati ya 1967 na 2022, watu wa Zanzibar waliongezeka zaidi ya mara tano, na watu wa Pemba zaidi ya mara tatu. Lakini jambo la kuzingatiwa zaidi limo katika safu ya mwisho. Kati ya 1948 na 1967 sehemu ya Pemba ilikuwa ikipanda, hata ikakaribia nusu ya Wazanzibari wote. Baada ya hapo ilianza kushuka, na mwaka 2022 haikufika hata theluthi moja.

Je, Wapemba waliacha kuzaa? La. Uchunguzi wa afya na uzazi uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba wanawake wa Pemba huzaa watoto wengi kuliko wenzao wa Unguja. Kama uzazi ndio pekee ungeamua, sehemu ya Pemba ingepanda. Imeshuka kwa sababu watu wametoka. Tufanye hesabu ndogo. Lau Pemba ingekua tangu 1967 kwa kasi ile ile ya Zanzibar nzima, mwaka 2022 ingekuwa na watu wapatao 875,000. Waliohesabiwa ni 543,441. Tofauti inazidi 330,000. Hesabu hii haituambii idadi halisi ya waliohama, kwa sababu waliohama nao wamezaa huko walikokwenda na wengine wamerudi. Inatupa tu kipimo cha ukubwa wa pengo lililomo katika jedwali.

Sababu za kutoka si ngeni kwa wasomaji wa historia ya Visiwa. Pemba ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na zao hilo likiyumba kisiwa kizima huyumba. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadili umiliki wa ardhi na maisha ya familia nyingi. Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu ilianguka katika soko la dunia. Baada ya uchaguzi wa 1995, siasa za vyama vingi ziliifanya Pemba kuwa ngome ya upinzani, na uchungu wake tutauona katika sehemu ifuatayo. Kuna pia msongamano wenyewe: Pemba ina watu zaidi ya 500 katika kila kilomita mraba, ilhali Kaunti ya Kwale ilikuwa na watu wapatao 105 katika sensa ya Kenya ya 2019.

Wengi wa waliotoka walikwenda Unguja, ndiyo maana Unguja imekua kupita kiasi cha uzazi wake. Wengine walikwenda Tanga na Dar es Salaam, na wengine nchi za Ghuba. Wako pia walioelekeza omo kaskazini-magharibi, wakavuka mkondo hadi Kwale. Hao ndio tunaowafuata.

3.0 Ng'ambo ya Mkondo

Tukitazama ramani bila kuijali mistari ya wakoloni, safari hii haina ajabu. Mtu wa kaskazini ya Pemba yuko karibu zaidi na Shimoni kuliko alivyo karibu na Mji Mkongwe wa Unguja. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakivuka kwa misimu. Kaskazi inapoingia na bahari kutulia, huondoka kwa makundi, wakapiga kambi katika fuo za ng'ambo, wakavua, wakakausha na kuuza samaki, kisha wakarejea kwao. Safari hizo huitwa dago. Mvuvi wa dago ni mtu wa pande mbili: nyumba yake iko Pemba, riziki yake iko Vanga, Shimoni, Gazi au Msambweni. Sensa ya usiku mmoja humkuta upande mmoja tu.

Baadhi ya waliokwenda dago hawakurudi. Walioa, wakajenga, wakazaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ina demografia yake ndani: inaeleza namna mgeni anavyogeuka kuwa mwenyeji kwa njia ya kazi. Katika ufuo wa Kwale jembe hilo lilikuwa mshipi na wavu. Mpemba alisifika kwa kujua bahari ya kina, na ujuzi huo ndio uliompa nafasi miongoni mwa Wadigo, Wavumba na Wachifundi waliomtangulia. Wakati mwingine ujuzi uo huo ulizua ugomvi, hasa kuhusu nyavu kubwa za kuzingira ambazo wavuvi wa mishipi na madema wamezilalamikia kwamba zinamaliza samaki.

Wakati wa safari hizo za awali, sheria haikumwona mvukaji kama mgeni wa nchi nyingine. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yaliutambua ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 Waingereza wakachukua uendeshaji wa sehemu ya Kenya ya ukanda huo, lakini enzi ya Sultani ikabaki kwa jina. Ni Oktoba 1963 tu ndipo serikali za Kenya na Zanzibar zilipokubaliana kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya; na waziri mkuu aliyekubali kwa niaba ya Zanzibar, Mohamed Shamte, alikuwa mwenyewe mtu wa Pemba. Kwa hiyo mvuvi aliyetoka Pemba akalowea Msambweni mwaka 1950 alihama kutoka sehemu moja ya milki ya Sultani hadi nyingine. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipopata uhuru, yeye hakusogea. Mpaka ndio uliosogea.

Baada ya hapo zikaja safari za namna nyingine. Mapinduzi ya 1964 yalileta watu waliokimbia kwa hofu. Mwishoni mwa Januari 2001, maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2000 yalizimwa kwa risasi kisiwani Pemba, na Wazanzibari zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni. Wengine walihamishiwa kambi za Dadaab, karibu na mpaka wa Somalia, na wengi wakarejea kwao mwaka uo huo, ambamo vyama vya CCM na CUF vilitia saini Muafaka wa Oktoba. Shimoni ni jina linalojulikana kwa watalii kwa ajili ya mapango yake na bahari ya Kisite. Katika historia ya watu wa Visiwa, ni jina la kimbilio.

Tunapaswa basi kutofautisha makundi matatu ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya: mvuvi wa dago ambaye hurudi, mkimbizi ambaye anasubiri kurudi, na mlowezi ambaye hana pa kurudi kwa sababu kwao ni hapa. Watatu hawa huitwa kwa neno moja, Mpemba. Aliyeumia zaidi kwa mchanganyiko huo ni yule wa tatu.

4.0 Jina na Kisanduku

4.1 Mpemba wa Tanzania na Mpemba wa Kenya

Kimofolojia neno 'Mpemba' ni rahisi. Ni kiambishi cha ngeli ya kwanza, m-, kilichobandikwa kwenye jina la mahali. Kwa njia hiyo hiyo tunapata Mvumba, Mtumbatu, Mwamu na Mngazija. Maana ya msingi ni mtu wa mahali fulani. Lakini majina ya namna hii yana tabia ya kutanuka. Mngazija kwa asili ni mtu wa kisiwa cha Ngazija, lakini Zanzibar na Mombasa jina hilo limetumika kwa mtu yeyote wa Komoro, hata akiwa wa Nzwani au Mwali.

Linapovuka mpaka wa Kenya na Tanzania, jina 'Mpemba' hubadilika kazi. Sensa ya mwisho ya Tanzania kuuliza kabila la mtu ilikuwa ya 1967. Tangu hapo Tanzania huhesabu watu kwa mahali walipolala, umri, jinsia, elimu na kazi, si kwa kabila. Katika sensa ya 2022, kwa hiyo, idadi ya Pemba ni ya watu waliohesabiwa Pemba, wawe wenyeji au wahamiaji. Aliyezaliwa Wete na kulala Dar es Salaam usiku wa sensa amehesabiwa Dar es Salaam.

Nchini Kenya mambo ni tofauti. Dodoso la sensa huuliza kabila, na karani huandika jibu kwa kutumia orodha yenye namba. Mtu akijibu kuwa yeye ni Mpemba, jibu lake si jina la mahali tena bali ni jina la kabila, na lazima litafutiwe kisanduku. Asiyekuwa na kisanduku huwekwa katika cha jirani au katika 'wengineo'. Kwa maneno mengine, huyo amehesabiwa kichwa lakini hakuhesabiwa jina.

4.2 Jina linavyopungua bila watu kupungua

Mtu anaweza kusema kwamba jina ni jambo dogo alimradi kichwa kimehesabiwa. Mifano miwili inatosha kuonyesha kwamba si dogo. Katika sensa ya Kenya ya 2009 waliohesabiwa kuwa Waswahili walikuwa 110,614. Katika ile ya 2019 walikuwa 56,074. Hakuna mwenye akili timamu atakayedai kwamba nusu ya Waswahili wa Kenya walitoweka katika miaka 10. Kilichobadilika ni namna watu walivyojitaja na namna walivyoandikwa.

Jambo kama hilo liliwahi kutokea Zanzibar. Katika sensa ya 1924 watu kwa maelfu walijiita Waswahili. Katika sensa ya 1931 jina hilo lilikuwa limepungua mno, na mengine, kama Washirazi, yakachukua nafasi yake. Watu walikuwa ni wale wale. Chini ya utawala wa kikoloni jina 'Mswahili' lilikuwa limeanza kunuka utumwa na uduni, na kila aliyeweza alitafuta jina jingine lenye heshima au faida zaidi. Mjadala wa 'Mswahili ni nani', ambao wasomi kama Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff waliuchambua kwa kina katika kitabu chao cha 1994, si mjadala wa madarasani tu. Ni mjadala ambao makarani wa sensa wameutolea majibu kwa namba.

4.3 Kutoka kutotambuliwa hadi kutambuliwa

Kwa Wapemba wa Kwale na Kilifi, kukosa kisanduku kulikuwa na gharama ya kila siku. Nchini Kenya ombi la kitambulisho hupitia maswali ya asili na ukoo. Asiyekuwa na kitambulisho hawezi kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti ya benki, hawezi kusajili laini ya simu wala kupiga kura. Mvuvi asiye na leseni huvua kwa chombo cha mwingine na kwa jina la mwingine, akagawana naye pato. Wengine walipata njia ya kujiandikisha kwa jina la jamii ya majirani. Kila aliyefanya hivyo alipata hati, na Wapemba katika vitabu vya serikali wakapungua kwa mtu mmoja.

Njia ya kuelekea utambuzi ilifunguliwa na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, iliyoweka utaratibu wa kuwasajili watu wasio na utaifa walioishi Kenya tangu kabla ya uhuru, pamoja na vizazi vyao. Wa kwanza kunufaika katika pwani ya kusini walikuwa Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, na mwanzoni mwa 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Sensa ya 2019 ikawahesabu Wamakonde 3,764. Zamu ya Wapemba, ambao walikadiriwa kuwa takribani 7,000, ilifika Julai 2023, Rais William Ruto alipowakabidhi hati za uraia mjini Kilifi.

Msomaji atambue tarehe hizo. Utambuzi wa Wapemba ulikuja baada ya sensa ya 2019. Kenya ikifuata mzunguko wake wa miaka 10, sensa ijayo itakuwa ya kwanza kufanyika wakati Wapemba ni jamii iliyotambuliwa rasmi. Kwa mara ya kwanza kutakuwa na jedwali ambalo sehemu ndogo ya lile pengo la kisiwani inaweza kuonekana ikiwa na jina lake, upande wa pili wa mkondo.

4.4 Pingamizi

Wako watakaopinga. Watasema kwamba Mpemba ni Mswahili, kwamba Kipemba ni lahaja ya Kiswahili, na kwamba kumfanya Mpemba kuwa kabila peke yake ni kuwagawanya Waswahili na kuzidi kuwapunguza katika hesabu. Pingamizi hili lina uzito, hasa tukikumbuka namba za 2009 na 2019. Kiisimu hatuna budi kulikubali: hakuna kigezo cha lugha kinachomtenga Mpemba na Mvumba wa Wasini kama anavyotengwa Mmakonde.

Hata hivyo, pingamizi hilo linachanganya maswali mawili. La kwanza ni la taaluma: Mpemba ni nani katika jamii pana ya Waswahili? La pili ni la haki: mtoto aliyezaliwa Msambweni kwa wazazi waliozaliwa Msambweni apewe hati kwa jina gani, iwapo dola haitoi hati bila jina la kabila? La pili halikuweza kungoja la kwanza lijibiwe. Kosa, kama lipo, limo katika dodoso linalomlazimisha mtu awe kabila kabla hajawa raia. Sisi wanataaluma tunaweza kuendelea kumwita Mpemba Mswahili, lakini tusimtake alipie msimamo wetu kwa kukosa kitambulisho.

5.0 Ramani ya Lahaja na Watu Wanaotembea

Sasa tugeukie darasa letu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa orodha ya lahaja na mahali pake: Kiamu ni Lamu, Kimvita ni Mombasa, Kivumba ni Wasini na Vanga, Kipemba ni Pemba. Orodha hii ni sensa ya aina yake, tena yenye upungufu ule ule wa sensa ya mahali. Inamhesabu msemaji alipozaliwa jina la lahaja, haimhesabu alipo.

Pwani ya kusini ni mahali pazuri pa kuuona upungufu huo. H. E. Lambert alichapisha kitabu kuhusu Kivumba mwaka 1957 na kingine kuhusu Chichifundi mwaka 1958. Alivyoyaandika majina yenyewe, moja kwa ki- na jingine kwa chi-, ni ishara ya tofauti ya kiambishi cha ngeli, na hiyo chi- ndiyo tuisikiayo pia katika Chidigo. Kisiwa cha Wasini, ambacho ni kidogo kiasi cha kuweza kutembewa kwa siku moja, kina vijiji viwili vinavyojulikana zaidi: Wasini yenyewe ambako husemwa Kivumba, na Mkwiro ambako husemwa Chichifundi. Lahaja mbili katika kisiwa kimoja kidogo. Basi vipi Kipemba kilichofika bara kibaki nje ya ramani?

Mtoto wa jamii ya Wapemba aliyekulia Msambweni ana uwezekano wa kusikia Kipemba kwa wazee wake, Chidigo kwa wenzake wa kucheza, Kiswahili sanifu kwa mwalimu wake, na Kiswahili cha mchanganyiko huko Diani na Ukunda, ambako hoteli zimewavuta watu kutoka kila pembe ya Kenya. Kaunti ya Kwale ilikuwa na watu 649,931 mwaka 2009 na 866,820 mwaka 2019, ongezeko la theluthi moja katika miaka 10. Katika wingi huo, kundi la watu elfu saba linaweza kupoteza lahaja yake katika kizazi kimoja. Tena, wakati wa kutotambuliwa, lafudhi yenyewe ilikuwa hatari: iliweza kumfichua msemaji mbele ya afisa aliyekuwa akimuuliza asili yake. Aliyekuwa akijificha jina alikuwa na sababu ya kuficha lahaja pia.

Hapa pana maswali ambayo mwanafunzi wa isimu hawezi kuyajibu kwa kukaa maktabani. Je, Kipemba cha Kwale kimehifadhi msamiati ambao Pemba yenyewe umekwisha kusahaulika? Kimechukua nini kutoka kwa Chidigo na Chichifundi? Majina ya samaki, pepo, vyombo na miamba yanatofautianaje na yale ya kisiwani? Sasa msemaji hana tena sababu ya kujificha, na wazee waliovuka kabla ya 1963 wanazidi kupungua kila mwaka.

6.0 Nafasi ya Fasihi

Fasihi ya Kiswahili haikungoja sensa. Watunzi wa Pemba wamekuwa wakivuka mkondo kwa karne nzima bila kuulizwa hati. Tungo za Kamange na Sarahani, malenga wawili wa Pemba, zilikusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, zikahaririwa na Abdilatif Abdalla wa Mombasa na kutolewa kitabuni mwaka 2011. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Pemba mwaka 1947, ni miongoni mwa waandishi wanaofahamika zaidi kwa wanafunzi wa Kenya, na riwaya yake ya *Utengano* ilipata kutahiniwa katika shule zetu za upili.

Tukio hilo lina kinaya kisichohitaji mhakiki kukifafanua sana. Maelfu ya wanafunzi wa Kenya walikariri maudhui ya riwaya ya mtu wa Pemba ili wapate vyeti, wakati ambapo kijana wa Kipemba wa Shimoni, aliyeisoma riwaya hiyo hiyo katika darasa hilo hilo, alimaliza shule na kukosa kitambulisho cha kumwezesha kukitumia cheti chake.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba idadi ya watu wa Pemba ina sehemu mbili. Ipo iliyomo katika majedwali ya Zanzibar, ambayo yanaonyesha kisiwa kikiongezeka kwa watu huku sehemu yake katika Visiwa ikishuka kutoka asilimia 46.3 mwaka 1967 hadi 28.8 mwaka 2022. Na ipo iliyotawanyika ng'ambo, ambayo upande wa Kenya ilikaa miaka 60 tangu uhuru ikiwa na vichwa bila jina. Kilichoziunganisha sehemu hizi mbili si takwimu bali ni neno moja la Kiswahili, na historia ya neno hilo ni kazi yetu.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa isimujamii watumie majedwali ya sensa kama matini za kuchambuliwa darasani, wakiwauliza wanafunzi nani ametajwa na nani amenyamaziwa. Pili, ramani za lahaja tunazofundishia ziongezewe wasemaji walio nje ya chimbuko la lahaja zao, tukianza na Wapemba wa pwani ya kusini. Tatu, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vilivyo karibu na pwani vipange safari za kurekodi masimulizi ya wazee wa Vanga, Shimoni, Msambweni na Diani kwa ridhaa yao, na nakala zibaki kwa jamii zenyewe. Karani wa sensa ijayo atauliza jina, umri na kabila, kisha ataondoka. Masimulizi ya namna jina hilo lilivyopatikana hayamo katika dodoso lake, na wanaoyajua kwa macho yao wengi wamepita umri wa miaka 70.